Jiwe Nililomchagulia Baba

Juzi nilikuwa nikipita Rongo, na gari letu likasimama mbele ya mashine ya kusaga kumngoja mtu. Harufu ikaingia: unga wa mahindi ungali moto, umechanganyika na moshi wa dizeli. Wenzangu wakapandisha vioo. Mimi nikateremsha changu mpaka chini. Wanaume wengine wa utotoni mwangu walinukia sabuni ya mche, au samaki, au tumbaku. Wa kwetu alinukia ugali ambao haujapikwa.

Baba alikuwa na mashine yake ya kusaga pale Rodi Kopany, ndani ya chumba cha mabati chenye mlango mmoja na joto la tanuri. Alishinda humo kutwa nzima, na jioni alitoka mweupe kope na masikio, jasho limemchora mifereji mashavuni. Gunia la mahindi alilibeba begani kama mtu anavyobeba koti siku isiyo na baridi. Maji hakunywa. Aliamini kwamba mtu anayetokwa na jasho akinywa maji, nguvu zinakimbia pamoja nayo. Chai alikunywa, kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni, na Mama akimletea maji mashineni aliyasukutua tu na kuyatema mlangoni, kuku wakaja kuangalia kama ni kitu cha kula.

Sisi tulikuwa Wasabato, na Baba aliimba besi katika kwaya. Besi yake ilikuwa ya chini mno, ukiwa umekaa kwenye benchi moja naye uliisikia kwa makalio kabla ya masikio. Basi Sabato moja, katikati ya ubeti wa tatu, besi ile ikaanza kupanda. Ikaipita sauti ya tenor, ikaipita alto, ikafika mahali ambapo hata akina mama wa sauti ya kwanza hawakuwahi kufika. Mwalimu wa kwaya alimtazama kwa mshangao, kisha, nadhani, kwa wivu kidogo. Halafu Baba akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi kwa adabu, akatoka nje ameinama kama mtu anayetafuta sarafu.

Tulimkuta kwenye ua wa kanisa. Alikaa. Akasimama. Akapiga magoti, akalala ubavu, akasimama tena, akakumbatia nguzo ya ua na kuisemesha. Jasho lilikuwa likimtoka bila mashine. Kisha akatapika, na baada ya kutapika akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya kanisa zima lenye viatu vilivyopakwa rangi.

Watu wakaanza kumtafutia ugonjwa. Mama Pamela, aliyeuza omena karibu na mashine yetu na ambaye binti yake alikuwa darasani mwangu, alimtazama kwa makini, mikono kiunoni.

"Hii naijua," akasema. "Nimezaa saba. Kama hangekuwa mwanaume, ningesema mtu achemshe maji."

Akina mama wakacheka ndani ya leso zao. Mzee Zadoki, mzee wa kanisa mwenye pikapu, akasema ni kidole tumbo, kwa sababu shemeji yake alikuwa na kidole tumbo na yeye pia alikuwa mrefu. Na nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye tulimwita Dani na ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Karungu, hakuwa na shaka hata kidogo. Ilikuwa sihoho. Mtu mwenye jicho baya alikuwa amemtazama mwanawe akila, na chakula kimegeuka tumboni. Huko kwao Karungu kulikuwa na mwanamke aliyechanja ngozi kwa wembe, akafyonza kwa pembe, na kutoa vitu vyote vilivyokwama humo.

"Tumpeleke kwa huyo," Dani akasema.

"Tunampeleka hospitali," Mama akasema. Mama alikuwa mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na kwa hiyo ndiye aliyesikilizwa.

Tukapanda pikapu ya Mzee Zadoki. Mbele waliketi wazee wawili waliokuja kwa sababu kulikuwa na nafasi. Nyuma tulikuwa Mama, Dani, mimi na Baba, ila sisi tuliketi na Baba hakuketi. Alisimama ameshika chuma, akachuchumaa, akalala, akasimama, kutoka Rodi mpaka geti la hospitali ndogo ya misheni, na watu kando ya barabara walidhani ni mhubiri.

Daktari, maana tulimwita daktari ingawa cheo chake kilikuwa kingine, aliitwa Marwa. Alikuwa Mkuria, kijana mwenye miwani na koti jeupe lililomzidi. Kwa kuwa hakujua Kijaluo vizuri, mambo yote yakawa kwa Kiswahili, lugha ambayo Baba aliitumia kwa wateja wa mbali na kwa polisi. Mama na Baba wakaingia. Mimi na Dani tukabaki nje chini ya dirisha, na kwa kuwa Dani Kiswahili kilimpita, nikawa mkalimani wake.

"Uchungu inaanzia wapi?" daktari akauliza.

"Hapa kwa mgongo, chini ya mbavu."

"Halafu?"

"Halafu inashuka."

"Mpaka wapi?"

Baba akakohoa. "Mpaka chini."

"Chini wapi, mzee?"

"Chini." Akakohoa tena. "Chini kabisa."

"Nimeelewa."

"Anasema uchungu unashuka mpaka chini kabisa," nikamtafsiria Dani.

"Miguuni?"

"Nafikiri."

Ndani, daktari alikuwa akiuliza kama Baba akilala bila kusonga maumivu yanapungua.

"Daktari," Baba akasema, "kama ningeweza kulala bila kusonga, singekuwa hapa."

"Basi hiyo si kidole tumbo. Mtu wa kidole tumbo hataki hata kitanda iguswe. Wewe nimekuangalia na dirisha tangu geti. Umecheza ngoma kwa pikapu mpaka nikajua una nini kabla hujashuka."

Kisha akamwambia ageuke. Nilichungulia nimesimama kwa vidole vya miguu na kumwona daktari akikunja ngumi na kumgonga Baba mgongoni kwa ubavu wa ngumi hiyo, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Baba aliruka mpaka kofia ya ukutani ikaanguka. Baadaye akapewa chupa, akaenda, akarudi, na daktari akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa rangi ya strungi, chai isiyoonja maziwa. Akasema hiyo ni damu.

"Unakunywa maji ngapi kwa siku?"

"Maji?" Baba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa anakula nyasi ngapi.

Daktari akashusha pumzi. "Mzee, uko na mawe."

Hapo hapo jenereta ya hospitali ikaanza kunguruma nyuma yetu, na yote aliyoyasema baadaye yakapotea. Niliona tu mdomo wake ukienda na mkono wake ukichora kitu hewani. Nilikuwa na neno moja la kumpa Dani, nikampa kwa Kijaluo.

"Anasema Baba ana mawe tumboni. *Kite*."

Dani akapiga makofi mara moja, akatulia. "Nilisema," akasema. Kwake daktari na yule mwanamke wa Karungu walikuwa wamekubaliana, na swali lililobaki lilikuwa moja tu: nani alimtazama. Alitaja jina la Mama Pamela kabla hatujapanda gari.

Mimi nilikuwa na swali lingine. Nilikuwa na miaka tisa na hesabu zangu zilikuwa nzuri. Mtu anayebeba gunia la mahindi bila kuegemea ukuta, akiangushwa na jiwe, jiwe hilo lina ukubwa gani? Nilianza na kokoto, nikaona haitoshi. Nikafika kwenye mafiga ya jikoni. Baba alipotoka ndani, akitembea vizuri kwa sababu ya sindano, nilimtazama tumbo nione lilipovimba. Halikuvimba. Nikaamua yamejipanga upande wa mgongo.

Maagizo tuliyorudi nayo Mama aliyarudia mara tatu njiani. Baba anywe maji mpaka achoke, halafu anywe tena. Kila akienda haja ndogo aitie kwenye mkebe, na mkebe umiminwe kwenye kichungi, ili jiwe likitoka lisipotee. Likipatikana, likaushwe na kuletwa, daktari alitazame ajue ni la aina gani. Baada ya wiki turudi, apigwe picha.

Kichungi tulikuwa nacho kimoja, cha chai. Mama akaagiza kingine dukani, na kile cha zamani akakifunga uzi mwekundu na kukitundika nje kwenye msumari nyuma ya nyumba. Alitueleza sote maana ya uzi huo. Dani alikuwa ameenda kuota jua.

Siku ya tatu Mzee Zadoki akaja kumwombea Baba, na Dani, aliyependa wageni, akakimbilia kupika chai. Mama alipotoka chumbani, mzee alikuwa amemaliza kikombe cha kwanza. Mama akaona uzi mwekundu ukining'inia juu ya sufuria. Nami nikauona. Tukatazamana.

"Chai ya Karungu ni tofauti," Mzee Zadoki akasema. "Ina uzito."

"Ongeza, mwanangu," Dani akasema.

"Mama Akoth, wewe hunywi?"

"Nimefunga," Mama akasema, na kwa kuwa jambo hilo lilikuwa la kiroho, mzee akamsifu. Mimi nikasema nimefunga pia. Nilisifiwa kuliko Mama.

Lakini nje ya nyumba yetu mambo hayakuwa ya kuchekesha, si kwangu. Mama alikuwa akiendesha mashine mahali pa Baba, na likizo ile nilikuwa nikimpelekea chakula. Wateja waliokuja na madebe yao walikuwa na salamu mpya. "Mama na mtoto wanaendeleaje?" waliuliza. "Mtoto amepatikana?" Pamela, rafiki yangu, alijifunza kulia kama Baba. Aliiga vizuri sana: alikaa, akasimama, akashika nguzo, akafungua mdomo. Watoto wa sokoni walimwomba arudie. Alipomaliza, akaniuliza kwa upole kama ni kweli baba yangu ni mwanamke, kwa sababu mama yake alisema uchungu ule ni wa kuzaa.

Nikaenda nyumbani nikaketi nyuma ya jiko. Nilijua jambo moja tu lingewanyamazisha. Jiwe litoke, walione.

Lilitoka siku ya tano, saa sita mchana. Mama alikuwa mashineni, Dani amesinzia. Kazi ya kichungi ilikuwa imeniangukia, na tulikuwa na utaratibu wetu: Baba, mtu aliyechinja mafahali wa harusi bila kupepesa, aliogopa kuitazama damu yake mwenyewe. Aliuacha mkebe nyuma ya bafu umefunikwa kwa sahani ya bati, akakohoa mara mbili, akaondoka bila kugeuka. Nami nikaja, mkono ndani ya mfuko wa plastiki, nikamimina.

Nilisikia mlio mdogo. *Ti.*

Chini ya kichungi kulikuwa na kitu. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko punje ya wimbi, na nilipokisogeza jichoni nikaona kina miiba midogo kama mbegu ya mbigili. Nikakingoja kikae vizuri. Kisha nikangoja vingine. Nikageuza kichungi, nikautazama mkebe, nikatazama mpaka kwenye majani. Hakukuwa na kingine.

Siwezi kueleza aibu iliyonishika. Kwa kitu hiki Baba alikumbatia nguzo ya kanisa? Nikimpelekea mtu yeyote chembe hii, Rodi nzima itacheka mpaka Sabato ijayo, na daktari mwenyewe atacheka. Nikaiweka juu ya jiwe la kuogea ili nifikiri. Na nilipokuwa nikifikiri, kuku wetu mwekundu wa shingo tupu akaja, akainamisha kichwa upande mmoja, akaidonoa, akaenda zake.

Nakumbuka sikusikia huzuni. Nilisikia kama mtu aliyefanyiwa uamuzi.

Nikaenda barabarani, penye rundo la kokoto la watu wa barabara, nikaanza kuchagua. Nilichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kuchagua kitu chochote, hata mume. Moja lilikuwa kama yai; nikaliacha, nisije nikasutwa kwa uongo. Moja lilikuwa laini mno, halikuonekana kama limemtesa mtu. Mwishowe nikapata moja la ukubwa wa harage, jekundu kidogo, lenye ncha mbili kali. Nikaliosha kwa sabuni. Nikaona limekuwa safi kupita kiasi, nikalisugua tena chini kidogo. Kisha nikalitia ndani ya kasha la kiberiti, juu ya pamba.

Baba alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini.

"Baba, limetoka."

Akaketi. Akalitazama kasha lakini hakunyoosha mkono. "Kubwa?"

"Kubwa."

Akatikisa kichwa taratibu. Niliona mabega yake yakinyooka. "Sikuwa nalia bure," akasema, na akanywa maji bila kuambiwa.

Jioni Mama akalifungua kasha. Alilishika jiwe, akaligeuza, akalirudisha, akakaa chini. Kisha akamtazama Baba kwa namna ambayo sijui kama alimtazama hivyo hata siku ya harusi.

"Baba Akoth," akasema kwa sauti ndogo, "pole."

Akasema mtu aliyepitia hayo anastahili nyama. Akaingia bandani akatoka na kuku wa shingo tupu.

Nilijitupa kwenye magoti yake. Nilimwomba achinje mwingine, yeyote, hata jogoo. Nilimkumbatia kuku yule mpaka akanikwaruza. Dani akaguswa, akasema mjukuu wake ana moyo wa huruma, nao wakamchinja kuku. Sasa, kwetu kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba. Hakuna mtoto wala mwanamke anayeigusa. Mama aliipasua na kuiosha, lakini nilikuwa nimeona jinsi kijiwe kile kilivyo kidogo, na Mama hakuwa amevaa miwani. Ikawekwa kwenye sahani ya Baba, peke yake, inang'aa mafuta. Akaitafuna polepole kwa raha ya mtu aliyepona.

Nilihesabu kila alipotafuna. Jiwe lilikuwa limetoka kwa Baba, likaingia kwa kuku, na sasa lilikuwa limerudi nyumbani.

Tuliporudi hospitali nilikataa kumpa mtu mwingine kasha la kiberiti, kwa hiyo nikaingia ndani pamoja nao. Daktari Marwa akalifungua. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akalipeleka jiwe dirishani. Akalikwaruza kwa kucha, akatazama vumbi jekundu lililobaki kwenye kucha.

"Mzee, hili lilipita lenyewe?"

"Lilipita," Baba akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona, na nilimwona akijitahidi kutotabasamu. Akamgeukia Mama. "Unaona?"

"Niliona," Mama akasema.

"Na hukuita mtu?" daktari akauliza.

"Nilikohoa tu."

Daktari akarudi mezani, akaketi, akavuta karatasi. Alizungumza na Baba lakini macho yake yalikuwa juu yangu. "Basi ni lazima nikuandikie barua, mzee. Mahali jiwe kama hili limetoka, yaliyobaki ni kama mayai. Hayo hayawezi kupita. Watakupasua, kutoka hapa," akagusa ubavu wake, "mpaka hapa. Nikiandika, kesho unaenda."

Tabasamu la Baba likafa. Mama akashika ukingo wa meza. Kalamu ikagusa karatasi.

"Si hilo," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Hilo ni la barabarani. La Baba lilikuwa dogo. Kama wimbi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na hilo la wimbi liko wapi?"

"Lilidonolewa na kuku."

"Kuku yuko wapi?"

"Alichinjwa."

"Nani alimla?"

Sikuweza kusema. Nikanyoosha kidole kwa Baba. "Na firigisi," nikasema, na hapo nikaanza kulia, nikimwomba daktari alitoe tena bila kisu.

Mama akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Daktari alitoka nje, akasimama kwenye veranda akitupa mgongo kwa muda mrefu, akarudi macho yamelowa. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa akilitazama lile jiwe la barabarani kama mtu anayeagana na rafiki.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba barua ile haikuwa na neno hata moja, na kwamba daktari aliitambua kokoto ya barabara ya murram tangu alipoiona. Siku ile aliniita mezani kwake, akanieleza yale ambayo jenereta ilikuwa imeyameza.

"Umeona sufuria ya kuchemsha maji kila siku? Ile kitu nyeupe inashika chini?"

Nikasema nimeiona.

"Hakuna mtu ameiweka. Inajitengeneza. Baba yako anatoka jasho kutwa na hanywi maji, kwa hivyo ndani yake inaganda hivyo hivyo, kidogo kidogo. Halafu inaanza kushuka kwa mrija, na hiyo mrija ni nyembamba. Mchanga ikiingia kwa jicho lako, si unalia? Na mchanga ni kubwa?"

"Hapana."

"Basi. Na hiyo ya baba yako ilikuwa na miiba."

Alinihakikishia pia kwamba kitu kilichoshuka kwa njia ya chakula hakiwezi kurudi kwenye figo, hata kikisindikizwa na firigisi. Sikumwamini sana. Picha ikapigwa, ikatoka nyeusi na nyeupe kama mawingu, naye akatuonyesha kwa ncha ya kalamu kidoa kimoja kidogo upande wa kulia. Kulikuwa na mwenzake bado, mdogo, aliyetulia. Hakukuwa na haja ya kisu. Maji tu. Mimi nilijua hilo ni la kuku, na niliendelea kujua hivyo mpaka darasa la saba.

Kutoka hospitali mpaka barabara kuu tulitembea. Mama akatangulia. Baba akapunguza mwendo mpaka tukawa sawa.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Walikuwa wanakucheka."

"Nani?"

"Wote. Pamela anaiga ukilia."

Tukapita mahali pa mahindi mabichi, tukapita shule. Nilidhani anatafuta fimbo.

"Nililia sana?" akauliza.

"Sana."

"Anaiga vizuri?"

Nikafikiri. "Vizuri."

Akatembea tena. "Liliniuma, Akoth," akasema mwishowe. "Ni hivyo tu. Lingekuwa kama chumvi, lingeniuma vile vile."

Jumatatu alirudi mashineni akiwa na jagi la maji, akalitundika mlangoni pamoja na kikombe. Mteja wa kwanza akamuuliza kama mtoto amepatikana. Baba akazima mashine kabisa, ili asikike, akasimulia yote: kwaya, nguzo, kichungi, kokoto, mpaka firigisi. Sehemu ya alivyolia hakuiruka. Kichungi cha uzi mwekundu alikisimulia mbele ya Mzee Zadoki, jambo ambalo Mama hakumsamehe kwa mwezi mzima. Watu walicheka mpaka wakaegemea magunia, naye akacheka nao kwa besi yake, na mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mzani nikatoka, kwa sababu sikuona tena nilichokuwa nikikificha.

Mwenzake yule wa kwenye picha alitulia miaka mitano. Nilikuwa kidato cha kwanza, niko nyumbani likizo ya Agosti, nikasikia jagi likianguka mashineni. Nilimkuta Baba amepiga magoti katikati ya unga, akasimama, akakaa, akasimama. Machozi yalikuwa yakimchora mifereji kwenye uso mweupe. Watu walikuwa wamesimama mlangoni na madebe yao.

"Kimbia kwa Marwa," akaniambia.

"Nimwambie nini?"

Akashika nguzo ya mlango, akavuta pumzi.

"Mwambie nalia," akasema. "Usipunguze. Na usiongeze."